Jinsi Tulivyomdai Mwenyekiti wa Mowlem

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa kabati langu la ofisini. Wenzangu walinipikia pilau, wakanipa saa ya ukutani, zawadi ambayo sijawahi kuelewa kwa nini hupewa mtu siku ile ile anapoacha kuwa na haja ya kuwahi mahali. Tulipokuwa tunakula, binti mmoja wa idara ya kudai madeni kwa simu aliniuliza, "Madam Beatrice, ni kweli zamani mlikuwa mnaenda mpaka mlangoni kwa mtu?"

"Mpaka ndani," nikamjibu. "Na tulikuwa tunakaribishwa chai."

Alicheka, akidhani natania. Kicheko chake ndicho kimenifanya nikae chini niwaandikie ninyi vijana mnaobaki ofisini. Sitawasimulia mishahara, maana ilikuwa midogo, wala vyeo, maana nilipata viwili tu na kimoja hakikuja na kiti. Nitawasimulia kazi yenyewe, ya kudai deni kwa njia ya sheria, na hasa kesi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka najikuta natabasamu nikiwa peke yangu jikoni.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa fundi wa reli aliyetoka Bungoma akiwa kijana, na sisi watoto tulikulia katika nyumba za reli pale Muthurwa, Nairobi, chumba kimoja, pazia katikati. Nilikuwa nimejifunza kupiga taipu. Si mbali na soko, juu ya duka la rangi, palikuwa na ofisi ya dalali wa mahakama, mtu wa kutekeleza hukumu za madeni, aliyeitwa Mzee Ochieng, na Mzee Ochieng alikuwa anatafuta mpiga taipu.

Mitaani neno dalali lilitamkwa kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa. Nilitarajia kukuta jitu lenye shingo nene na marungu nyuma ya mlango. Nilikuta mwanamume mwembamba aliyefunga tai vizuri, miwani yake imeshikwa na kipande cha waya, anamenya chungwa taratibu juu ya gazeti asije akachafua meza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Akaniambia, "Leo hutapiga taipu. Leo tutatembea hadi mtaa wa Ziwani, ukaone karatasi utakazokuwa unazichapa huenda kwa nani."

Tulikwenda kwa karani mmoja aliyekuwa amechukua televisheni na redio kwa mkopo, akashindwa kumaliza. Mwenye duka alikuwa ameshamshtaki na kushinda. Mlangoni Mzee alivua kofia. Akasalimia nyumba nzima, hata bibi mgonjwa aliyelala chumba cha ndani. Hakukaa mpaka alipoambiwa kaa. Ndipo alipotoa hati ya mahakama, akaisoma kwa Kiswahili, neno kwa neno, akaeleza kwamba leo hachukui kitu: anaandika tu mali inayoweza kukamatwa, halafu wana siku saba za kulipa au kutafuta mapatano, na zikipita ndipo atarudi na gari.

Akaanza kuandika. Vitanda akavipita. Blanketi, nguo, sufuria, vyote akavipita. Kwenye kona mke wa yule karani alikuwa amesimama mbele ya kitu, ameitandaza leso yake kama pazia.

"Mama, hiyo ni cherehani ya kazi?" Mzee akamuuliza.

"Ni ya kazi, mzee. Nashonea watoto wa shule yunifomu."

"Basi mimi siioni," akasema, akaendelea.

Nje alinieleza kwamba huo haukuwa wema wake. Ndivyo sheria ilivyosema: mtu haachwi bila kitanda, bila nguo, bila chombo cha kupikia, wala bila kifaa cha kazi ya mikono yake. "Ukimchukulia cherehani," akasema, "atakulipa na nini?" Kabla wiki haijaisha, karani na mkewe walikuja ofisini. Tukawakutanisha na mwenye duka, wakapatana kulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, mapatano yakapelekwa kortini yakaandikwa. Walimaliza. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, na kwa kweli karibu kila kitu nilichokuja kujua baadaye kilikuwa ndani yake.

Wakati huo watu wa mitaa yetu waliamini mambo mawili kuhusu madeni, na yote mawili yalikuwa makosa. La kwanza ni kwamba ukidaiwa unaweza kukamatwa na polisi. Nimeona watu wazima wakilala kwa jamaa zao kwa sababu ya deni la duka. Deni ni shauri la madai. Polisi hawana kazi nalo, labda kama ulidanganya au uliiba. La pili ni kwamba anayekudai ana ruhusa ya kuvunja mlango na kubeba. Hana. Anaweza kukuomba, kukukumbusha, kukuandikia barua kupitia wakili, na ukikataa, kukushtaki. Akishinda, mahakama ndiyo humpa nguvu: ya kukamata mali, au kukata sehemu ya mshahara, au kuzuia pesa zilizo benki, na mwisho kabisa, kwa mtu ambaye anazo na hataki tu, kumfunga jela ya madai. Lakini yote hayo huja baada ya hukumu. Ninyi mnaompigia mama mkwe wa mdaiwa simu kumweleza kwamba mkwe wake ni mwizi, sijui ni sheria gani mnaitumia. Mimi sikuwahi kuiona.

Vifaa vyetu vilikuwa viatu, mwavuli, kalamu, karatasi za kaboni na saa ya mkononi. Saa ilikuwa muhimu kuliko mwavuli. Baada ya muda Mzee aliona miguu yangu inakwenda kuliko vidole vyangu, akanipeleka kuombewa kibali cha kupeleka samansi. Samansi ndiyo karatasi inayomwambia mtu ameshtakiwa, na anatakiwa kujibu ndani ya muda uliowekwa. Asipoipata, kesi haisogei. Mwanamke wa kupeleka samansi alikuwa nadra, na hiyo ilinisaidia sana: milango mingi ilifunguliwa na watu waliodhani nauza mayai.

Hapo ndipo alipokuja Wycliffe Simiyu.

Simiyu alikuwa seremala wa Ziwani, mtu wa kwetu Bungoma. Nilimjua kanisani. Aliimba sauti ya chini katika kwaya, sauti iliyofanya mabenchi yatetemeke. Alikuwa na karakana ndogo ya mabati na mafundi wenzake wawili. Siku hiyo alipanda ngazi za ofisi yetu akiwa amekunja mikono ya shati.

"Beatrice, sikuja kukaa," alisema. "Nimekuja uniambie kama nikienda Jumamosi na mkokoteni na watu sita, kuna shida."

"Kwenda wapi?"

"Mowlem. Kwa Mwenyekiti. Naenda kuchukua viti vyangu."

Mwenyekiti huyo wa mtaa wa Mowlem alikuwa Bwana Festus, mwenye nyumba za kupangisha, mwenye baa, na mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Hata mkewe alimwita kwa cheo. Alikuwa amejenga nyumba mpya, akamwagiza Simiyu viti vya sebuleni, kabati la ukutani na meza ya kulia. Walikubaliana kwa maandishi, wakatia sahihi. Festus alilipa kiasi cha kuanzia, vitu vikapelekwa, salio likaahidiwa. Halikuja. Kila Simiyu alipokwenda kuliulizia aliambiwa arudi jioni, na jioni aliambiwa kesho. Mbao zenyewe alikuwa amezichukua kwa mkopo, na mwenye mbao alikuwa amekataa kumpa hata ubao mmoja zaidi. Mafundi wake walikuwa wamerudi kutafuta vibarua. Mwenye karakana, aliyekuwa anampangisha, alikuwa ameitia kufuli kwa ajili ya kodi. Binti mkubwa wa Simiyu alikuwa nyumbani, amefukuzwa shule kwa ada.

Mzee Ochieng alikuwa amesikia yote kutoka mezani kwake. "Umesema unachukua viti vya nani?"

"Vyangu. Nimevitengeneza kwa mikono hii."

"Ulimuuzia, akavipokea. Ni vyake. Chako wewe ni deni. Ukiingia kwake na mkokoteni Jumamosi, Jumatatu wewe utakuwa kizimbani na yeye ndiye mlalamishi."

Simiyu alikaa, sasa bila kuambiwa. "Kwa hivyo sheria inamlinda yeye."

"Inamlinda mpaka umshinde. Ukishamshinda, inakuwa upande wako, na hapo hata akifunga geti haimsaidii."

Katika jengo letu kulikuwa na wakili kijana, Bi Wanjiru, aliyekuwa ameanza ofisi yake na meza moja. Alikubali kuchukua kesi kwa malipo kidogo, mengine yaje mwishoni. Akaandika barua ya madai, yenye adabu, akimpa Festus nafasi ya kulipa bila kesi. Festus hakujibu kwa barua. Alimtuma mtu amwambie Simiyu kwamba korti ni ya watu wenye pesa, na kama Simiyu anazo, basi hadai kitu. Bi Wanjiru akafungua kesi. Samansi ikatoka, ikaangukia mikononi mwangu.

Nilikwenda kwenye baa. Mhudumu akasema Mwenyekiti ametoka sasa hivi, na kikombe chake bado kinatoa mvuke juu ya kaunta. Nilikwenda nyumbani. Mlinzi wa getini akasema, "Buda hayuko, madam," huku pikapu ya huyo Buda, yaani mzee mwenye nyumba, iko uani na boneti yake ina joto. Nilikwenda kwenye mkutano wa kamati ya mtaa, ukaahirishwa kabla Mwenyekiti hajaingia. Nilirudi ofisini nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Tunaweza kuiomba mahakama ruhusa tuibandike mlangoni kwake, au tuitangaze gazetini," nikamwambia Mzee.

"Tunaweza. Gazeti litalipwa na nani? Simiyu? Na kesho atasema hasomi magazeti. Mpe mkononi, Beatrice. Kuna mahali mtu hawezi kukimbia. Tafuta."

Nilifikiri sana juu ya maneno hayo. Msalani? Mazishini? Mzee asingekubali, na mimi pia nisingeweza. Jibu nililipata Jumamosi asubuhi nikipita Mowlem kwa shughuli nyingine kabisa. Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha kinyozi kilichochorwa vichwa ukutani. Ndani, kwenye kiti, amefungwa kitambaa cheupe shingoni, alikuwa mtu mnene, kama Simiyu alivyonieleza Festus alivyo, na upande mmoja wa kichwa chake uling'aa na upande wa pili bado una nywele.

Nikaingia. "Habari za asubuhi. Naitwa Beatrice, mpelekaji wa samansi za mahakama. Namtafuta Bwana Festus."

"Mimi siye," akasema yule mtu kupitia kioo.

Mashine ya kunyolea ikanyamaza. Kinyozi, kijana mwenye sauti ya upole aliyeitwa Kamau, alikuwa ameduwaa, kisha akauliza swali ambalo hakukusudia limsaidie mtu yeyote: "Mwenyekiti, nimalize hii ingine ama tungoje?"

Nikaweka samansi juu ya kitambaa, mapajani pake. Nikamweleza inahusu nini, nani amemshtaki, na kwamba asipojibu ndani ya muda ulioandikwa, hukumu inaweza kutolewa bila yeye. Aliisukuma ikaanguka sakafuni kati ya nywele zake. Nikaiokota, nikairudisha. Alisimama aende zake. Akajiona kwenye kioo, nusu hivi, nusu vile. Akakaa tena.

"Hata sahihi sikupi," alisema.

"Si lazima, Mwenyekiti. Nitaandika kwamba umekataa."

Niliandika pale pale, mahali, saa, na aliyemtaja kwa cheo chake. Ofisini nikaapa hati ya kiapo. Vijana wangu, fanyeni hivyo siku zote, papo hapo, kabla ya chai. Kumbukumbu ya kesho ni ya mtu mwingine.

Festus hakujibu samansi. Muda ukapita, Bi Wanjiru akaomba hukumu, ikatolewa. Simiyu alimwambia kila mtu kanisani. Mzee Ochieng peke yake hakusherehekea, na baada ya muda mfupi tukaelewa kwa nini. Festus aliweka wakili, akaapa kwamba hajawahi kuona samansi yoyote, kwamba Jumamosi ile alikuwa mazishini Machakos, na akaomba hukumu ifutwe. Mahakama ikaniita nihojiwe juu ya kiapo changu.

Wakili wake alikuwa mtu mzima, mpole, anayejua kazi. Hakunifokea. "Dada Beatrice, kabla ya siku hiyo ulikuwa umewahi kumwona mteja wangu?"

"La."

"Sasa ulimjuaje?"

"Kinyozi alimwita Mwenyekiti."

"Mwenyekiti. Katika Nairobi hii, kwa makadirio yako, kuna wenyeviti wangapi?"

Nilisema sijawahesabu. Hakimu aliandika kitu, akasema shauri litaendelea wiki ijayo, na kama tuna shahidi mwingine tumlete. Simiyu alinitazama kutoka benchi la nyuma. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo, ingekuwa rahisi kwangu.

Nilikwenda kwa Kamau jioni ile. Alikuwa anafagia. Nilimwomba aje kortini aseme alichoona. Aliendelea kufagia.

"Madam," akasema mwisho, "hiki kibanda kiko kwa ploti ya nani?"

Sikuwa nimejua. Kiwanja kilikuwa cha Festus.

"Nina watoto watatu na hiki kibanda," akasema.

Nilimwambia ukweli: mahakama inaweza kumwita kwa nguvu, lakini mimi sitaiomba. Kama atakuja, aje kwa miguu yake. Nikampa tarehe, nikaondoka nikiwa na hakika nimeharibu kila kitu.

Siku ya shauri ilipofika, benchi la mashahidi lilikuwa tupu. Bi Wanjiru alipanga na kupangua karatasi zake. Kesi yetu ikaitwa. Hakimu akauliza kama tuna shahidi, Bi Wanjiru akafungua kinywa, na mlango wa nyuma ukalia. Kamau aliingia amevaa koti la suti lililompita mabega, wazi kabisa kwamba ni la kuazima.

Aliapa. Aliulizwa kama anamfahamu Bwana Festus. Akasema anamfahamu, ndiye yule pale, na humnyoa kila baada ya wiki mbili.

"Jumamosi hiyo ulimnyoa?" Bi Wanjiru akauliza.

"Nilimnyoa. Nusu kwanza, halafu huyu madam akaingia na karatasi, halafu nusu ya pili."

Watu walicheka. Hakimu aliwatazama mpaka wakanyamaza. Yule wakili mpole akasimama. "Bwana Kamau, wewe hunyoa vichwa vingi. Unawezaje kukumbuka kichwa kimoja cha miezi iliyopita?"

"Nisamehe, wakili," Kamau akasema. "Vichwa vilivyolipwa ndivyo mimi husahau. Hicho bado. Hicho na vingine vyake vyote tangu nifungue."

Nadhani hata yule wakili alitaka kucheka. Aliinama, akakaa. Hakimu akasema ameridhika kwamba samansi ilifika. Kisha akamuuliza wakili jambo moja zaidi: tukiacha samansi, je, mteja wake anakana kupokea fanicha, au ana risiti ya kuonyesha alilipa? Hakuwa na moja wala nyingine. Ombi likatupwa, hukumu ikabaki. Nje, Simiyu alimnyanyua Kamau na koti lake la kuazima akamzungusha, na mimi niliyekuwa nimejizuia siku nyingi nikapiga kigelegele mbele ya mahakama, nikaonywa na askari.

Kamau aliambiwa ahamishe kibanda wiki hiyo hiyo. Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa na duka mtaa wa pili, akampa baraza lake. Wateja walimfuata wote, pamoja na wapya waliotaka kusikia habari ya nusu kichwa kutoka kwa mwenyewe.

Sasa tulikuwa na hukumu, lakini hukumu peke yake hainunui mbao. Tulikaa na Simiyu kuchagua njia. Festus hakuwa ameajiriwa, kwa hiyo hakukuwa na mshahara wa kukata. Benki yake hatukuijua. Simiyu alipendekeza jela ya madai.

"Inawezekana," Mzee akamwambia, "ila ujue, anayedai ndiye hulipia chakula cha anayefungwa."

Simiyu alikodoa macho. "Nimpe viti, halafu nimpe ugali?"

Tukaamua kukamata mali. Simiyu alitaka viti vyake vikamatwe, kwa ajili ya moyo tu. Mzee alikataa. Fanicha iliyotumika hunadiwa kwa bei ya kutupa, na deni lingebaki. Alinituma nikaulizie pikapu imeandikishwa kwa jina la nani. Ilikuwa kwa jina la Festus. Ulizieni kabla, vijana wangu. Nimeona madalali wakikamata gari kwa shangwe, kumbe ni la shemeji.

Tulikwenda nyumbani kwake kuandika mali. Safari hii geti lilifunguliwa, kwa sababu mwenye nyumba hakuwapo na mkewe alikuwapo. Mama Lydia alikuwa mwanamke mtulivu. Alitukaribisha sebuleni. Mzee alikaa, akapitisha kiganja juu ya mkono wa kiti, akasema bila kukusudia, "Huyu fundi anajua kazi."

Kisha akasoma hati. Mama Lydia alisikiliza mpaka mwisho. "Mzee," akauliza, "ni hivi viti tulivyokalia?"

"Ni hivyo, mama."

"Havijalipwa?"

Mzee aliikunja hati polepole. Mama Lydia alisimama, akakaa kwenye kigoda cha jikoni. "Nimekaribisha wamama wa kanisa hapa," alisema. "Wamekaa hapo, wameomba, wamembariki mwenye kuvinunua." Hakulia. Alituletea chai, tukanywa, kwa sababu kuikataa kungemuumiza zaidi. Mzee aliandika pikapu, na tulipopita baani akaandika friji kubwa na spika. Hakuandika hata kitu kimoja cha ndani ya nyumba.

Siku saba zikapita kimya. Tulisikia Festus amejigamba kwamba gari halitatoka, kwa hiyo Bi Wanjiru aliomba amri ya mahakama, askari wa kituo waje kulinda amani. Tulifika asubuhi, jua limeshapanda, Mzee na mimi, dereva wetu, na askari mmoja aliyeonekana kutamani kuwa kwingineko. Getini walikuwa vijana kama kumi, wamekaa juu ya mawe.

"Niaje madam," mmoja akasema. "Hii ngari haitoki leo."

"Poa sana," nikamjibu. "Nani amesema?"

"Buda mwenyewe."

Askari alianza kusogea. Mzee Ochieng akamzuia kwa mkono. Alivua kofia. "Vijana wangu, hamjambo. Mwenyekiti amewalipa kwa kusimama hapa?"

Walitazamana. "Amesema jioni."

"Jioni," Mzee akasema. "Haya. Mnamjua fundi Simiyu wa Ziwani? Naye aliambiwa jioni. Ndiyo sababu mimi niko hapa."

Kisha mmoja wao akaanza kucheka, mwingine akafuata. Yule aliyenisalimia alijipangusa suruali. "Manze, huyu mzee amesema ukweli," akasema. "Jioni tutamtafuta wapi?" Wakaondoka wote, na wa mwisho akatufungulia geti.

Pikapu ilipotoka barabarani watu walikuwa wamejaa pande zote mbili. Sikujua Mowlem ina watu wengi hivyo. Wauza nyanya walisimama, mafundi wa viatu walisimama. Mama mmoja alipiga makofi, halafu wengine, halafu mtaa mzima. Mzee alinyoosha mkono kuwatuliza, maana hakupenda mtu aaibishwe. Mimi nilikaa mbele kando ya dereva, nimeshika hati ya mahakama mapajani, na nawaambia ukweli, hakuna arusi niliyokwenda nikajihisi vile.

Festus alikuja ofisini kabla ya jua kutua. Hakuwa na mtu wa kumsindikiza. Alilipa salio lote, gharama za kesi, ada za dalali, pamoja na riba iliyowekwa na mahakama. Mzee alimwandikia risiti, akampa funguo za gari, akamuuliza kama atakunywa chai. Nilidhani atakataa. Akanywa mpaka chini ya kikombe. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Huyo kinyozi," akasema, "siku hizi yuko wapi?"

Nikamwelekeza. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda, akalipa, na akanyolewa kichwa chote kwa mkupuo mmoja, yaani pande zote mbili bila kusimama.

Simiyu alipopewa pesa zake na Bi Wanjiru alizitia mfukoni, akatushika mkono mmoja baada ya mwingine, akashuka ngazi polepole. Kisha tukasikia hatua zake zikikimbia. Alikwenda kwa mwenye mbao, akaenda kwa mwenye karakana, akaenda shuleni kwa binti yake. Jumapili sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwalimu wa kwaya alimpungia mkono apunguze, na yeye akafumba macho asimwone.

Jumatatu nilifika kazini mapema kama kawaida, nikashindwa kupanda. Ngazi zote, kutoka barabarani mpaka mlango wa ofisi yetu, zilikuwa zimejaa watu. Kulikuwa na mshona nguo wa Ziwani aliyemshonea mtu suti za arusi. Kulikuwa na mama aliyekuwa amepika chapati za mkutano wa mkubwa fulani. Fundi wa viatu. Mchora mabango. Mtu aliyechimba choo cha nyumba nzima ya kupangisha. Kila mmoja alikuwa anamdai mtu aliyevaa vizuri kuliko yeye, na kila mmoja alikuwa ameambiwa arudi jioni.

Nilijipenyeza mpaka juu. Mzee Ochieng alikuwa amesimama mlangoni, anawatazama chini mpaka barabarani, kofia yake mkononi.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mama wa makamo, aproni ya soko bado kiunoni. Alinishika mkono.

"Binti," akauliza, "hapa ndipo mtu mdogo anaweza kumdai mtu mkubwa?"

"Ndipo, mama," nikasema. "Ingia uketi. Tuanze na jina lako."

Akaingia, na nyuma yake kila mmoja kwenye mstari akapanda ngazi moja.